Uyoga Unaosubiri Mti Uzeeke

Hauna kofia, hauna mguu wa kusimamia, wala hauna zile kurasa nyembamba tunazoziona tukibinua uyoga wa kichuguu. Ni bonge jeupe lililogandamana na ubavu wa mti, mara nyingi juu kuliko mkono unavyofika, na kutoka kwenye bonge hilo inaning'inia miiba laini kwa mamia, kila mmoja na urefu wa kiungo kimoja au viwili vya kidole, yote imenyooka kuelekea ardhini. Ukiubonyeza unahisi unyevu, kama sifongo iliyotoka kukamuliwa. Spora zake, unga mwembamba ambao ndio mbegu za kuvu, hutoka kwenye ngozi ya miiba hiyo na kuchukuliwa na upepo. Baada ya wiki chache weupe unaingia umanjano, kisha ukahawia, halafu bonge zima linaoza na kuanguka.

Waingereza wameufananisha na singa za simba, na hilo ndilo jina nitakalolitumia hapa. Jina lake la kisayansi, Hericium erinaceus, linamtaja kalunguyeye. Wachina wameona ndani yake kichwa cha tumbili. Kila watu wamemwona mnyama wao.

Mahali ninapotaka tuutazame ni New Forest, kusini mwa Uingereza, katika jimbo la Hampshire. Msitu huo unateremka mpaka kwenye mlango-bahari wa Solent, mkabala na kisiwa cha Wight, na kando ya mto Beaulieu kuna mialoni ambayo matawi yake yameinama juu ya maji ya chumvi; bamvua likijaa, yanakaribia kulowa. Mwaloni wengi wetu tunaujua kwa Biblia, ile mialoni ya Mamre alikokaa Ibrahimu. Huu wa Uingereza ni wa ukoo huohuo, na ndugu yake wa karibu ni mfagusi, mti wa gome laini la kijivu ambao wataalamu huuita Fagus sylvatica. Singa za simba huota juu ya miti hiyo miwili, na huko New Forest mfagusi ndio unaozibeba zaidi.

Hapo ndipo mambo yanapochanganya. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inayolinda wanyamapori na mimea ina orodha ya mimea isiyoruhusiwa kuguswa. Ukiacha zile kuvu zinazoishi pamoja na mwani kwenye mawe na magome, uyoga ulioingia katika orodha hiyo ni wa aina nne tu, na singa za simba ni mmojawapo. Kuuchuma kwa makusudi porini ni kosa la jinai. Wakati huohuo, katika miji ya nchi hiyohiyo uyoga huu unauzwa ukiwa mbichi, umekaushwa, umesagwa na kutiwa kwenye vidonge, na mtu anaweza kununua mfuko wa maranda yaliyokwisha kupandwa mbegu zake akauotesha juu ya meza ya jikoni. Na New Forest yenyewe imejaa miti. Msomaji ana haki ya kuuliza: kitu kinachoota jikoni baada ya wiki chache, kikiwekewa msitu mzima wa chakula chake, kinakuwaje adimu?

Jibu langu ni kwamba uyoga huu haukosi miti. Unakosa miti mizee, na kuzeeka kwa miti ya New Forest kuna historia inayopita kwenye manowari za kifalme, nguruwe, dhoruba na msumeno.

Tunda na nyuzi

Bonge lile jeupe ni tunda tu. Kiumbe chenyewe ni utando wa nyuzi nyembamba kuliko unywele, uliojipenyeza ndani ya mbao na kuila polepole. Tunda hujitokeza kati ya Agosti na Novemba, tena si kila mwaka. Kuna miaka mti uleule hautoi kitu. Anayeokota uyoga wa kichuguu analijua jambo hili bila kufundishwa. Mvua ikichelewa na uyoga usionekane, hasemi umekwisha, maana kichuguu kipo na mchwa wamo. Siku ya kulia ni ile atakayokuta kichuguu kimesawazishwa na greda.

Kwa miaka mingi waliohesabu singa za simba walihesabu matunda, kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Nyuzi za kuvu moja ndani ya mbao hazitofautiani kwa macho na za nyingine. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, akiwamo Lynne Boddy, walichapisha kipimo cha vinasaba kinachoweza kuutambua uyoga huu na ndugu zake wenye miiba ndani ya kipande cha mbao, hata pale njia za zamani za maabara zinaposhindwa. Miaka mitano baadaye kundi hilo likaonyesha jambo kubwa zaidi: kuvu nyingi zinazoozesha mbao zimo tayari ndani ya mbao hai ya miti yenye afya, zimetulia, hazifanyi lolote.

Kinachozituliza ni maji. Mbao hai imejaa maji yanayopanda kutoka mizizini, na hewa iliyomo ni haba mno kwa kuvu kukua. Tawi likivunjika, au ukame ukikausha sehemu ya shina, hewa inaingia na kuvu iliyolala inaamka. Kwa hiyo inawezekana kabisa singa za simba zimo ndani ya miti mingi kuliko ile inayozaa. Mimi habari hii ilinifurahisha nilipoisoma, lakini furaha hiyo ina mpaka. Kuvu isiyozaa haitoi spora, na isiyotoa spora haihami kwenda mti mwingine. Mti wake ukikatwa na kupasuliwa kuni, nayo imekwisha, na hakuna atakayejua kwamba ilikuwamo.

Kuna pia suala la kuoana. Spora moja ikiota hutoa nyuzi ambazo peke yake hazizai. Lazima zikutane na nyuzi za spora nyingine zinazoafikiana nazo. Penye matunda mengi, spora zinamwagika kila upande na kukutana ni jambo la kawaida. Penye tunda moja hapa na jingine mbali huko, ng'ambo ya mashamba na barabara kuu, kukutana kunakuwa bahati nasibu.

Uvungu si ugonjwa

Tunda kubwa namna ile linahitaji akiba kubwa ya chakula. Chakula hicho ni moyo wa mti, yaani mbao ya katikati ambayo mti wenyewe umeacha kuitumia kupitisha maji. Mti mchanga una moyo mwembamba. Mwaloni au mfagusi wa miaka 200 au 300 una moyo mnene kama pipa, tena una majeraha: matawi yaliyonyofolewa na upepo, nyufa, mahali palipopigwa na radi. Humo ndimo kuvu inamokaa miaka na miaka ikitafuna, mpaka shina linabaki na uvungu.

Watu wengi wakiona uvungu huo wanasema mti unaumwa. Sisi tuliokua karibu na mibuyu hatuna kisingizio cha kufikiri hivyo. Mbuyu wenye uvungu wa kuficha watu kumi bado unachanua, unazaa, unapukutisha majani kiangazi na kuchipua mvua zinaporudi. Uhai wa mti uko kwenye tabaka la nje, chini ya gome, na shina lililo wazi katikati linaweza kusimama imara kama bomba. Mwaloni ni hivyohivyo. Mwaloni mashuhuri wa New Forest, ule uitwao Knightwood Oak, unakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 500, na shina lake lina mzunguko wa zaidi ya mita 7. Watu kadhaa wakishikana mikono ndipo wanaukumbatia. Waingereza wenyewe husema mwaloni hukua miaka 300, hukaa miaka 300, na hufa kwa miaka 300. Ni usemi tu, hesabu yake si ya maabara, lakini umeshika jambo la kweli. Katika hicho kipindi kirefu cha mwisho, ambacho mfanyabiashara wa mbao anakiona hasara tupu, popo, bundi na mbawakawa wa aina nyingi sana hupata nyumba.

Mwenzake singa za simba kwenye orodha ya sheria, Buglossoporus quercinus, ana masharti makali zaidi. Kwa kawaida haukubali mti mwingine ila mwaloni, na mwaloni wenyewe uwe mkongwe, moyo wake uko wazi. Ni uyoga unaotokeza kama rafu ndogo ubavuni mwa shina. Wangekuwa wanyama wawili wa namna ya chui, wangepewa kurasa za magazeti. Aina hizi mbili za uyoga zimeishi na mialoni ya Ulaya tangu zamani za kale na wengi wanaopita chini yake hawajui hata jina.

Mbao za manowari

Sasa, kwa nini miti mizee iwe michache katika msitu ambao mfalme William Mshindi aliutenga kuwa uwanja wa mawindo ya kifalme tangu mwaka 1079? Hapa ndipo bahari inapoingia.

Zamani wenyeji wa New Forest walikuwa wakiikata miti vichwa. Shina lilikatwa kwenye urefu wa mita 2 au 3, juu ya mahali mdomo wa mnyama unapofika, na mti ukachipua matawi mengi mapya yaliyovunwa kila baada ya miaka kadhaa kwa kuni na kwa kulisha wanyama. Mti uliotunzwa hivyo hauwi mrefu, haubebi uzito mkubwa wa kuuangusha upepo ukija, na huishi zaidi ya wenzake. Kila kidonda cha panga au shoka ni mlango wa kuvu. Wakata kuni wale walitengeneza makao ya uyoga kwa karne nyingi bila kukusudia.

Jeshi la majini lilitazama msitu uleule kwa jicho jingine. Fundi wa kuunda majahazi wa Lamu au Zanzibar anajua thamani ya mti uliopinda wenyewe: taruma, yaani ubavu wa chombo, lililochongwa kutoka tawi la namna hiyo linafuata nyuzi za mti, haliwezi kupasuka ovyo kama lililokatwa kwenye ubao ulionyooka. Mafundi wa manowari za mbao walitafuta mialoni kwa jicho hilohilo, na zaidi ya mataruma walitaka mashina mazima, manene na marefu. Mti uliokatwa kichwa haukuwapa shina. Mwaka 1698 Bunge likapitisha sheria ya kuongeza na kuhifadhi mbao za New Forest. Sehemu za msitu zikaruhusiwa kuzungushiwa ua ili zipandwe mialoni, na kukata miti vichwa kukapigwa marufuku.

Ukifika Buckler's Hard, kando ya mto Beaulieu, utaona safu mbili za nyumba za matofali zikiteremka kuelekea majini, na katikati yake uwanja mpana wa nyasi, mpana kuliko mtaa wowote wa kijiji cha kawaida. Upana ule ulikuwa wa kuviringishia magogo. Hapo ndipo ilipoundwa Agamemnon, manowari ya mizinga 64 iliyoshushwa majini mwaka 1781, ambayo baadaye Nelson, shujaa wa jeshi la majini la Uingereza, alikuwa nahodha wake. Inakadiriwa kwamba ilikula mialoni ipatayo 2,000, na hiyo ni meli moja.

Matokeo ya marufuku ya 1698 yanaonekana mpaka leo. Miti iliyokatwa vichwa unayoikuta New Forest, minene, yenye vidonda na mavungu, mingi ilianza kukatwa kabla ya sheria ile, kwa hiyo umri wake umepita karne tatu. Kizazi kilichofuata kilikuzwa kiwe mbao. Sheria nyingine, ya mwaka 1851, iliruhusu ekari 10,000 zaidi zizungushiwe ua na kupandwa miti. Mialoni ya wakati huo imesimama wima, imebanana, na mingi mioyo yake bado mizima. Kabla haijafikia unene wa kukatwa, zikaja meli za chuma, na jeshi likawa haliihitaji tena.

Basi kati ya kizazi kimoja na kingine kuna pengo. Wazee wanakufa mmoja mmoja, na wanaofuata hawajawa wazee. Uyoga unaokula moyo wa mti mkongwe hauna mahali pa kusubiria miaka 150 hiyo ya katikati.

Pengo hilo linapanuliwa na jambo ambalo mimi nasita kulilaumu. Wenyeji wana haki ya kale ya kuachia mifugo msituni: farasi wadogo, ng'ombe, punda, na majani yanapopukutika, nguruwe. Nguruwe huachiwa wafagie kokwa za mwaloni, ambazo zikiwa mbichi huwadhuru farasi na ng'ombe. Ni utaratibu wenye akili, na mifugo hiyo ndiyo iliyoupa msitu sura yake ya miti mikubwa iliyoachana, jua likipenya katikati. Lakini mche ulioliwa na farasi hauwi mti. Wataalamu wawili, Peterken na Tubbs, walipochunguza mwaka 1965 jinsi msitu ulivyojizalisha tangu 1650, walikuta miti imezaliwa kwa mawimbi, na mawimbi hayo yalikuja nyakati ambazo wanyama wa kula miche walipungua. Msitu unahitaji mifugo ili ubaki wazi, na unahitaji ipungue mara mojamoja ili upate watoto. Ubishi juu ya idadi ya mifugo haujaisha, na sioni utakavyoisha, kwa sababu pande zote mbili zina hoja.

Watu wapenda usafi

Hata mti ukijaliwa kuzeeka, kuna hatari nyingine: mkono wa mtu anayetaka msitu uwe nadhifu. Gogo lililoanguka linaonekana uchafu, tawi kavu linaonekana uzembe wa mwenye ardhi, na mti wenye uvungu ukiwa kando ya njia unaonekana kesi ya mahakamani inayosubiri kutokea. Katika miaka ya 1960 ukataji ndani ya sehemu za kale za New Forest ulifika mahali wananchi wakapiga kelele, na mwaka 1971 waziri akatoa agizo kwamba misitu ile ya kale ihifadhiwe, isigeuzwe mashamba ya mbao.

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987, dhoruba ilipiga kusini mwa Uingereza na kuangusha miti inayokadiriwa kuwa milioni 15. Watu walishtuka, na kwa uchungu wao wakaingiza matrekta kusafisha. Baadaye ikaonekana kwamba mahali pengi usafishaji uliumiza udongo na miche kuliko dhoruba yenyewe, huku vipande vilivyoachwa kama vilivyo vikichipua bila msaada wa mtu. Mwaloni ulioanguka na nusu ya mizizi ikabaki ardhini unaweza kuendelea kuishi ukiwa umelala, na kuvu iliyomo inaendelea na kazi yake.

Ukame nao una zamu yake. Mwaka 1976 mvua zilipokosekana, mifagusi mingi mizee ya Denny Wood, sehemu mojawapo ya kale ya New Forest, iliumia na kufa katika miaka iliyofuata. Mfagusi una mizizi ya juujuu, na kiangazi kikali unakisikia kabla ya mwaloni. Mti ukifa, kuvu zinapata chakula kingi kwa mkupuo mmoja, kisha hakuna tena. Hali ya hewa inavyoendelea kupata joto, mwaloni unaweza kuja kuwa kimbilio la singa za simba kuliko ulivyo sasa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha mialoni ya leo izeeke kwa amani.

Kikapu na msumeno

Turudi kwenye sheria, maana ndiyo inayowachanganya watu kuliko yote.

Kwanza, uyoga wa kawaida. Sheria ya wizi ya mwaka 1968 inasema kwamba anayechuma uyoga unaoota wenyewe porini hajaiba, ila akichuma kwa ajili ya kuuza au kwa malipo. Kwa hiyo mtu mwenye kikapu cha mboga ya nyumbani si mwizi. Mwaka 2016 wasimamizi wa New Forest walitangaza kwamba katika ardhi ya serikali wanayoitunza hawataki mtu achume uyoga wowote, hata kidogo. Wachumaji walikasirika. Waliuliza: ushahidi uko wapi?

Swali lao ni la haki. Uswisi walifanya jaribio lililodumu miaka 29, kuanzia 1975 hadi 2003: sehemu moja uyoga ulichumwa, nyingine ukaachwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba kuchuma hakukupunguza mavuno ya miaka iliyofuata wala idadi ya aina za uyoga. Kilichopunguza matunda ni kukanyagakanyaga ardhi. Kwa uyoga wa kawaida unaoota ardhini kwa wingi, kuuchuma ni kama kuangua maembe: mwembe unabaki.

Kwa singa za simba mimi sikubaliani na hoja hiyo ya maembe. Mwembe mmoja ukiangua maembe yote hujaumaliza ukoo wa miembe, kwa kuwa ipo mingine elfu. Mahali ambapo matunda ya msimu mzima yanahesabika kwenye vidole, kila tunda ndilo tumaini la spora kufika mti mwingine. Sheria ikizuia hapo, naiunga mkono kwa moyo wote. Imekwenda mbali zaidi na kusema kwamba anayeuza uyoga wa orodha ile akishtakiwa, uyoga huo utachukuliwa kuwa ni wa porini mpaka yeye athibitishe kwamba sivyo. Mkulima wa singa za simba huko lazima ajue wapi mazao yake yametoka.

Lakini tazama upande wa pili. Sheria hiyohiyo inasema mtu hana hatia kama kuharibika kwa mmea unaolindwa kulitokea kama matokeo ya pembeni ya kazi halali, na hakukuwa na njia ya busara ya kuepuka. Mwenye kikapu aliyekata tunda moja kwa makusudi ana kesi. Mwenye msumeno wa mashine aliyekata mfagusi mzima kwa ajili ya usalama wa barabara, na ndani yake mlikuwa na nyuzi zilizokaa miaka 60, anaweza kabisa kuwa na utetezi. Tunda lingerudi, kwa kuwa nyuzi zilikuwamo. Mti haurudi. Sheria imelinda kinachoonekana, na hilo ni jambo la kueleweka, maana mwaka 1981 hakukuwa na kipimo cha vinasaba cha kuonyesha kisichoonekana. Mpaka leo imeuweka uyoga kwenye orodha ya mimea, ingawa sayansi imekwisha kuonyesha kwamba kuvu si mimea, na kwa ukoo ziko karibu zaidi na wanyama.

Uyoga kusahaulika si tatizo la Uingereza peke yake. Kufikia Machi 2025, orodha nyekundu ya dunia ya viumbe vilivyo hatarini ilikuwa imetathmini aina 1,300 tu za kuvu, na 411 kati ya hizo zilionekana zinaweza kutoweka. Aina za kuvu zilizokwisha kupewa majina na wanasayansi ni zaidi ya 150,000. Misitu yetu ya miombo, ambako uyoga mwingi unaouzwa barabarani masika unaishi kwa ushirika na mizizi ya miti, imo katika sehemu ile ambayo haijafikiwa bado.

Huu wa dukani si wokovu

Limebaki swali la jikoni. Uyoga unalimwa kwa tani, kwa nini usirudishwe msituni?

Anayelima uyoga wa mamama anajua kazi ilivyo: maranda au pumba huchemshwa ili kuua kuvu nyingine zote, kisha mbegu inatiwa ndani ya mfuko safi. Singa za simba zinalimwa vivyo hivyo. Ndani ya mfuko hakuna mshindani. Ndani ya mti kuna kuvu kadhaa zinazogombea kila sentimita ya mbao, na anayewahi mara nyingi ndiye anayebaki. Kurushia spora msituni, basi, hakusaidii kitu.

Tena mbegu zinazouzwa mara nyingi zina asili ya mbali na msitu unaotaka kuzipanda. Marekani wamepata funzo chungu kwa uyoga wa mamama wa rangi ya dhahabu, Pleurotus citrinopileatus, wa asili ya Asia. Uliletwa kwa kilimo, ukatoroka, ukaenea kwenye misitu ya majimbo mengi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba miti iliyovamiwa nao ina aina chache za kuvu za asili. Mtu anayetundika gogo la singa za simba la kununua bustanini mwake, jirani na msitu wa kale, anaweza kuchanganya damu ngeni na ile iliyokaa pale tangu enzi. Ninaomba wanaolima kama burudani wafanye hivyo ndani ya nyumba.

Njia inayonipa matumaini ni nyingine. Watafiti wa Cardiff, Boddy na Matt Wainhouse, waliandika mwaka 2022 juu ya kupandikiza kuvu za kuozesha moyo ndani ya miti hai ambayo haijazeeka. Ukilitazama kwa karibu ni jambo rahisi: shina linatobolewa, na ndani ya tundu kinapigiliwa kipande cha mbao kilichokwisha kuenewa na nyuzi. Tundu linazibwa, na mti unaendelea kukua. Kinachotafutwa ni kuufanya mti wa makamo uanze kupata moyo laini na uvungu mapema, ili lile pengo la vizazi lipate daraja. Kuna pia wanaojeruhi miti kwa makusudi, wakinyofoa tawi badala ya kulikata sawasawa, ili kidonda kifanane na cha upepo. Mtunza miti wa kizamani angelia akiona. Kazi hii ni ya miongo, na haiwezi kufidia miti mikongwe inayokatwa leo, lakini ndiyo iliyopo.

Waswahili tumeenea, na kuna wasomaji wanaoishi Southampton au Bournemouth, mwendo mfupi tu kutoka msitu huu. Ukitembea humo Oktoba, inua macho kwenye miti minene, hasa chini ya matawi yaliyovunjika. Ukiuona, usiuguse wala usipande mti. Piga picha ya uyoga, picha ya mti mzima, na picha ya majani yaliyoanguka chini, ili aliye mbali aweze kutofautisha mfagusi na mwaloni. Pima mzunguko wa shina kwa kamba au kwa kukumbatia. Zipeleke taarifa hizo kwa wanaoweka kumbukumbu za kuvu za eneo lile, na mahali penyewe usipatangaze mtandaoni. Mwaka unaofuata rudi mwezi uleule. Usipoona kitu, bado uhesabu mti huo.